Umerudi Kazini, Nafasi Yako Iko Wapi?

Mara nyingi muuzaji wa Kariakoo anayetoka kwenye likizo ya ugonjwa hafukuzwi. Anapokelewa vizuri, anapewa pole na soda baridi, kisha anaambiwa apumzike stoo kwanza. Kaunta imeshikwa na kijana mwingine, aliyeletwa "kwa muda". Mwezi unaisha, mshahara unaingia, ila kamisheni haipo, kwa sababu kamisheni huandikwa kwa jina la aliyeuza. Miezi sita baadaye tajiri anafungua duka la pili Mtaa wa Aggrey, msimamizi anatafutwa, na jina la aliyeugua halitajwi hata kwa utani.

Hasara ya namna hii haina barua wala siku moja ambayo mtu ataionyesha kidole, ndiyo maana wengi huimeza kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina meno pale mtu anapoachishwa kazi. Ikifika kwenye cheo, kamisheni na tathmini ya aliyetoka kuugua, inasema kwa sauti ya chini zaidi, na anayetaka kuisikia inabidi ajue vifungu gani asome pamoja. Mwongozo huu unamhusu muuzaji, keshia, stoo kipa, karani, dereva na mhudumu wa hoteli, kuanzia Gerezani hadi Buguruni, ambaye ameugua, amejifungua au ameumia, na sasa anarudi.

Siku 126 na hesabu yake

Kifungu cha 32 kinampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko mmoja wa likizo. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Anayelipwa shilingi 300,000 kwa mwezi ataendelea kuzipata zote kwa miezi miwili na siku chache, kisha atashuka hadi 150,000. Mzunguko wenyewe ni wa miezi 36, na hapo ndipo watu hukosea hesabu: siku hazianzi upya kila Januari. Aliyetumia siku 60 mwaka wa kwanza wa mzunguko, akaugua tena mwaka wa pili, amebakiwa na siku tatu tu za mshahara kamili.

Ili alipwe, mfanyakazi awe ametimiza miezi sita kazini. Sheria haikuwasahau wa msimu, wala wale wanaoitwa na mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja kwa mwaka: muda wao ukijumlishwa na kupita miezi sita ndani ya mwaka huo, haki ni ileile. Kariakoo ina wengi wa aina hiyo, wanaoitwa kuelekea Idd na Krismasi kisha wanaambiwa wasubiri simu.

Sharti la pili ni cheti cha daktari, ile ED (excuse duty) ambayo kila mtu mjini anaijua. Bila cheti, mwajiri hana wajibu wa kulipa. Kitoke kwa daktari aliyesajiliwa, au kwa tabibu mwingine anayekubaliwa na mwajiri, na mwajiri haruhusiwi kumkataa tabibu huyo bila sababu ya msingi. Piga picha ED kabla haijatoka mkononi mwako, iwe ni ya Amana, Mnazi Mmoja au zahanati ya mtaani, muhuri, tarehe na sahihi vikisomeka. Ukiipeleka dukani, mwombe anayeipokea asaini kwenye nakala yako. Akiona aibu kusaini, tuma picha kwa WhatsApp na ujumbe mfupi. Alama mbili za kufika kwa ujumbe zimewahi kumaliza ubishi ambao maneno ya mdomo yasingeumaliza.

Kuna sentensi inayopendwa sana na matajiri wa maduka: "Siku ulizoumwa ndiyo likizo yako ya mwaka huu." Si kweli. Likizo ya mwaka ni siku 28, na sheria inamkataza mwajiri kuifanya badala ya likizo nyingine ambayo mfanyakazi anastahili. Anayeambiwa hivyo ajibu kwa adabu kwamba likizo mbili hizo ni tofauti, na aliandike jibu lake.

"Mimi sina mkataba"

Hili ndilo jibu linalosikika zaidi mtaani, na ndilo linalowafanya watu wakate tamaa mapema mno. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamhesabu mtu kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata dalili moja kati ya kadhaa ipo: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, anategemea kipato kutoka kwa mtu huyo, anapewa vitendea kazi, au amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Kariakoo, anayefungua duka saa mbili asubuhi na kufunga magharibi anazimaliza kabla ya Jumamosi.

Zaidi ya hapo, kuandika masharti ya ajira ni wajibu wa mwajiri. Asipoweza kuonyesha maandishi hayo kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Kwa hiyo aliyeahidiwa kwa mdomo asilimia fulani ya mauzo asidhani ahadi hiyo ni hewa tupu. Atunze miamala ya simu iliyoingia kila mwisho wa mwezi, ujumbe wa "leo tumeuza katoni ngapi", picha za daftari la mauzo, hata orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani. Vitu hivi vikusanywe mtu angali kazini. Akishatolewa kwenye kundi la WhatsApp la duka, nusu ya ushahidi imeondoka nalo.

Waliorudi hawasimami mahali pamoja

Mama aliyetoka uzazi ndiye mwenye ardhi imara zaidi chini ya miguu. Likizo yake ni siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2025 yamewaongezea muda waliojifungua watoto njiti. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinasema anaweza kurudi kazini kwa masharti yaleyale. Kifungu cha 36 kinakwenda mbali zaidi: mwajiri akimzuia kurudi baada ya likizo hiyo, kitendo hicho chenyewe kinahesabiwa kuwa ni kumwachisha kazi, hata kama hakuna barua iliyoandikwa. Akirudi ana haki ya muda wa kunyonyesha wa hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Msimamizi anayemwambia kwamba saa hizo mbili "zimemshusha" kwenye orodha ya wanaofikiriwa kupanda anajiandikia ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Aliyebaki na ulemavu baada ya ajali au maradhi, pamoja na anayeishi na virusi vya UKIMWI, wanatajwa kwa majina yao katika kifungu cha 7, kinachokataza ubaguzi kazini. Kifungu hicho kinataja pia jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia. Nacho hakiishii kwenye kuajiri na kufukuza: sera na taratibu za kazi zinazozungumziwa humo ni pamoja na mafunzo, mfumo wa kutathmini utendaji, kupandisha cheo, kuhamisha na kushusha. Kwa habari ya cheo, hicho ndicho kifungu cha kukishika.

Na aliyeugua maradhi ya kawaida akapona? Huyu ndiye aliyeachwa njia panda. Ugonjwa wenyewe haumo katika orodha ya kifungu cha 7. Aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri au aliyelazwa kwa kifua kikuu akapona kabisa hawezi kufungua shauri la ubaguzi kwa jina la maradhi yake na kutegemea orodha hiyo peke yake. Anachokuwa nacho ni kifungu cha 37, kinachosema kwamba kuachishwa kazi kwa sababu mtu ametumia haki aliyopewa na sheria si halali, na likizo ya ugonjwa ni haki ya aina hiyo. Ana pia Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali namba 42 la mwaka 2007, zinazomtaka mwajiri ajiulize mambo kadhaa kabla ya kusema mtu hawezi tena kazi: kutoweza huko kumetokana na nini, ni kwa kiasi gani, ni kwa muda au moja kwa moja, na kama kazi inaweza kurekebishwa au nyingine kupatikana. Tena amsikilize mwenyewe, na azingatie maoni ya daktari. Mwajiri anaweza kisheria kumwachisha kazi mtu ambaye afya yake haimruhusu tena kuifanya. Haruhusiwi kuziruka hatua hizo.

Pengo hili ni la kusikitisha ukitazama kwingine. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyetoka uzazi haki ya kurudi kwenye kazi ileile au nyingine inayofaa, kwa masharti yasiyopungua ya awali. Marekani, ambako sheria ya shirikisho ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 tu za likizo ya familia na matibabu, tena bila malipo, angalau imeandikwa waziwazi kwamba anayerudi apewe nafasi yake au iliyo sawa nayo, na kanuni zake zinakataza siku za likizo zisitumiwe kama doa mtu anapofikiriwa kupanda cheo. Tanzania inalipa vizuri zaidi wakati wa kuugua, lakini inasema machache zaidi kuhusu siku ya kurudi. Yale ambayo sheria haikuyasema, mfanyakazi hana budi kuyaweka kwenye maandishi yeye mwenyewe.

Stoo, kwa wiki ngapi?

Turudi kwenye ile stoo. Kupewa kazi nyepesi si uonevu, na mara nyingi ndicho daktari alichoshauri. Shida ni kazi nyepesi isiyo na mwisho. Mazungumzo ya siku ya kwanza yanaweza kwenda hivi:

"Pole sana mwanangu. Hebu kaa stoo kwanza, usijichoshe na wateja."

"Asante, mzee. Daktari ameandika kazi nyepesi wiki nne. Zikiisha, Jumatatu ya tarehe 14, narudi kaunta?"

"Tutaona. Wewe pona kwanza."

"Sawa, mzee. Basi nitakutumia ujumbe ili sote tuikumbuke tarehe."

Jioni ujumbe unatumwa: "Shikamoo mzee. Kama tulivyoongea leo, nipo stoo kwa wiki nne kwa ushauri wa daktari, narudi kaunta Jumatatu tarehe 14. Kuhusu kamisheni ya wiki hizi naomba tuongee kesho. Asante kwa kunipokea."

Heshima imebaki palepale, na tarehe imeshaingia kwenye simu. Tajiri akijibu "sawa", kazi imekwisha. Asipojibu, ujumbe bado upo, na ukimya wake una uzito wake. Kama baadaye stoo inageuka kuwa ya kudumu, tena kwa kipato kidogo, hapo masharti ya ajira yamebadilishwa, na kifungu cha 15 kinataka mabadiliko ya masharti yaliyoandikwa yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi, naye ajulishwe kwa maandishi. Kuhamishwa kwa kauli ya mlangoni hakutoshi.

Kwa hiyo cheti cha kurudi kazini kinahitaji umakini kuliko ED ya mwanzo. Watu humwomba daktari aandike "amepona" na kuondoka. Afadhali kiseme anaweza kazi gani, asibebe mzigo mzito kwa muda gani, na lini atachunguzwa tena. Si lazima kitaje kila undani wa maradhi. Mwenye duka anahitaji kujua siku na uwezo wa kazi, na kwa anayeishi na VVU, sheria ya mwaka 2008 inalinda usiri wa hali yake.

Tathmini na cheo

Katika makampuni ya Posta na Upanga, ambako kuna afisa rasilimali watu na fomu za tathmini, mtu huangushwa na hesabu. Chukua mfano wa ofisa mauzo aliyepewa lengo la shilingi milioni 120 kwa mwaka, akawa nje kwa ugonjwa miezi mitatu, akauza milioni 85. Fomu itamwonyesha amefikia asilimia 71, chini ya kiwango. Lakini kwa miezi tisa aliyokuwepo, lengo lake la haki ni milioni 90, naye amefikia asilimia 94. Hakuna kifungu kinachoitaja hesabu hii kwa maneno, ila ni hoja ngumu kuipinga mezani: aliyeruhusiwa na sheria kutokuwepo hawezi kupimwa kama aliyekuwepo akakaa bure. Ombi la kurekebisha lengo litolewe wiki ya kwanza ya kurudi, kwa barua pepe, fomu ikiwa bado haijajazwa. Likitolewa baada ya alama kutoka, linaonekana kisingizio.

Nafasi ikitangazwa mtu akiwa likizoni, anaruhusiwa kuiomba, na amwambie mwenzake anayemwamini amjulishe matangazo ya ubaoni. Akikosa, aulize kwa maandishi ni vigezo gani vilivyotumika. Jibu la "hukuwepo muda mrefu" kwa mama aliyetoka uzazi lina maana nzito kisheria, kwa kuwa chini ya kifungu cha 7 mfanyakazi akishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Mahakama ya kazi ya Kenya ilifuata mantiki kama hiyo mwaka 2013 katika shauri la mfanyakazi wa benki anayetajwa kwa herufi GMV. Mwajiri alisema tatizo ni utendaji, mahakama ikaona tatizo lilikuwa ujauzito. Majaji wanajua kwamba hakuna mwajiri atakayeandika "tunambagua", kwa hiyo hutazama mfuatano wa matukio: alama zilikuwaje kabla, zikawaje baada. Ndiyo sababu tathmini za miaka ya nyuma zisiachwe kwenye kompyuta ya ofisi peke yake.

Aliyeumia kazini

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, zaidi ya watu 20 wakafariki na zaidi ya 80 wakaokolewa. Miongoni mwa wanaokuwa ndani wakati kama huo ni wauzaji na wapagazi waliokwenda kazini tu. Aliyeumia akiwa kazini asiishie kwenye siku 126. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa ajili yake: michango yake inatolewa na mwajiri peke yake, haikatwi kwenye mshahara, na unahusika na matibabu, fidia ya muda ambao mtu hawezi kazi, na ulemavu wa kudumu. Taarifa ya ajali itolewe mapema na kwa maandishi, na ripoti ya hospitali, iwe ya MOI au kwingine, iseme wazi ajali ilitokea wapi. Kuandika "ajali ya nyumbani" ili kumstiri tajiri ni hisani ya gharama kubwa mno.

Mezani kwa CMA

Mazungumzo yakishindikana, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mashauri ya Ilala yana alama yao, ILA, kwenye namba ya jalada. Malalamiko hujazwa kwenye fomu namba 1 ya CMA, kisha nakala hupelekwa kwa mwajiri na uthibitisho wa kupokelewa hutunzwa. Muda ni mfupi: siku 30 kwa anayepinga kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine, ukiwamo wa kunyimwa cheo kwa ubaguzi au kukatwa malipo. Wanaoahidiwa "nitakurudisha mwezi ujao" huzimaliza siku hizo wakisubiri. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, lakini atatakiwa kueleza kila siku ya kuchelewa, na "nilikuwa namwonea haya mzee" haisikilizwi sana.

Mtumishi wa umma ana mlango mwingine. Muuguzi wa Amana au mwalimu wa shule ya serikali, tangu Sheria ya Utumishi wa Umma irekebishwe mwaka 2016, anatakiwa kwanza amalize njia za ndani ya utumishi, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma. Akikimbilia CMA moja kwa moja atarudishwa, na muda utakuwa umempita.

Mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kama TUICO, TUGHE au CHODAWU, anaweza kwenda na kiongozi wa chama chake. Asiye mwanachama huenda peke yake au na wakili. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, na kwa mtu ambaye bado yuko kazini hiyo ndiyo nafasi nzuri kuliko zote, kwa kuwa msuluhishi anaweza kuandika makubaliano yanayohusu cheo chenyewe, si pesa tu: kurudishwa kaunta kufikia tarehe fulani, kamisheni ya miezi miwili, tathmini kufanywa upya kwa miezi tisa badala ya kumi na mbili. Kabla ya kusaini, hakikisha kila kipengele kina tarehe na jina la atakayekitekeleza, na uondoke na nakala yenye muhuri.